Msomi wa Siasa Aanzie Kijijini Kwake



Kila mwaka parokia zetu huwasindikiza vijana wanaokwenda vyuo vikuu. Wapo wanaochagua ualimu, uuguzi, uhasibu na sheria, na wapo wachache wanaochagua sayansi ya siasa na utawala wa umma. Hawa wachache wakirudi likizo hukutana na maswali mawili. La kwanza: "Utagombea lini?" La pili: "Hukupata kozi nyingine?" Anayeuliza la kwanza anamwona kijana kama mbunge wa kesho, na anayeuliza la pili anamwona kama mtu aliyepotea njia. Lakini wote wawili wanakubaliana jambo moja, kwamba siasa ni kugombea vyeo, na kwamba asiyegombea hana kazi nayo.

Sisi mafrateri tunaoandaa jarida hili hatukubaliani na wazo hilo. Maoni yetu ni kwamba mwanafunzi wa siasa asisubiri kugombea ndipo awatumikie watu. Aanzie pale alipo: mkutano mkuu wa kijiji, ofisi ya mtendaji, kamati ya shule, kikundi cha akina mama kinachohangaika na fomu za mkopo. Ajitolee huko angali anasoma, ili masomo yamwangazie kazi, na kazi imsahihishie masomo. Na Kanisa, kuanzia jumuiya ndogondogo hadi seminari, limfungulie mlango badala ya kumtazama kwa wasiwasi.

Hofu iliyopo

Tunaandika haya tukijua hali ya nchi yetu. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano na vurugu, na watu walipoteza maisha, vijana wakiwamo. Zipo familia ambazo hadi leo kiti kimoja ni kitupu mezani. Hatuandiki makala hii kuhukumu yaliyotokea, bali tunajua matunda yake katika nyumba nyingi: wazazi wameogopa. Mzazi aliyekuwa akimwambia mwanawe "soma kwa bidii" sasa anaongeza, "na siasa uachane nayo kabisa."

Tunawaelewa wazazi hao. Aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona unyasi. Lakini tunaomba tutafakari pamoja: ikiwa kila kijana mwenye akili na dhamiri njema ataachana na mambo ya umma, mambo hayo yatabaki mikononi mwa nani? Maji, zahanati, ardhi, ada za mnada na michango ya madawati havitaacha kuamuliwa kwa sababu sisi tumekaa kimya. Vitaamuliwa, ila bila sisi. Na pale watu waliposahau jinsi ya kuulizana na kujibiana kwa utulivu katika mambo madogo, hawawezi kuyaweza makubwa. Mtu hujifunza kuogelea kwenye maji ya magotini, hajifunzii katikati ya ziwa.

Maji ya magotini kwa nchi yetu ni kijiji na mtaa.

Sheria ipo, watu hawapo

Katiba yetu, katika ibara ya 145 na ya 146, inataka ziwepo serikali za mitaa, na inaeleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa katika kijiji. Wajumbe wake hawateuliwi na mtu. Ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwa mkutano huo. Kwa utaratibu, mkutano unapaswa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na wananchi kusomewa mapato na matumizi.

Madaraka haya ni makubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini imeizuia kugawa ardhi hiyo bila idhini ya mkutano mkuu. Yaani mama mjane aliyekaa kwenye mkeka nyuma kabisa ana sauti iliyo sawa na ya mwenyekiti katika kuamua kama shamba la kijiji lipewe mgeni au la. Sheria hiyohiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa twende kwenye mkutano wenyewe. Mara nyingi tangazo hutoka jana yake kwa kengele au kwa kipaza sauti, bila ajenda. Watu wanafika robo ya wanaotakiwa. Taarifa ya fedha inasomwa haraka kutoka kwenye daftari, tarakimu baada ya tarakimu, hadi wasikilizaji wanaanza kutazama jua. Mwisho anaulizwa, "Kuna swali?" Kimya. "Basi tumekubaliana." Watu wanarudi nyumbani, na maswali ambayo hayakuulizwa mkutanoni yanaulizwa kisimani, mashineni na kilabuni, yakiwa yamegeuka kuwa tuhuma.

Mwanafunzi wa siasa amesoma mambo haya yote kwa majina yake ya kisomi: ugatuzi wa madaraka, uwajibikaji, uwazi, ushirikishwaji. Ameyafanyia mtihani. Kinachokosekana ni hatua chache kutoka kwenye daftari lake la chuoni hadi kwenye daftari la mtendaji wa kijiji.

Mfano wa kijana mmoja

Tunamfahamu kijana mmoja aliyezipiga hatua hizo. Hapendi jina lake litajwe, nasi tunaliheshimu ombi lake. Alikuwa mwaka wa pili, mwanachama wa TMCS chuoni kwake, alipokwenda kijijini kwao likizo ndefu. Hakuitisha semina, wala hakuanzisha asasi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akamwamkia, akamwambia: "Mzee, naomba nikusaidie kuandika matangazo ya mkutano." Mzee akamtazama, akamuuliza chama chake. Kijana akajibu kwamba kwa kazi hiyo hana chama, na kwamba akimwona anakigeuza kijiji kuwa jukwaa, amfukuze.

Aliandika tangazo siku saba kabla, lenye ajenda zote, kwa maneno mepesi. Alilibandika mlango wa kanisa, akaomba ruhusa kulibandika msikitini, kisha mashine ya kusaga na kilabu cha pombe. Halafu, kwa idhini ya mtendaji, alichukua taarifa ya mapato na matumizi akainakili kwa herufi kubwa kwenye karatasi ambazo watu wote wangeweza kuziona: kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule, kilichobaki chini.

Mkutano wa kwanza haukuwa na watu wengi kuliko kawaida. Lakini mama mmoja alinyoosha mkono, akaelekeza kidole kwenye karatasi, akauliza kama fedha ile iliyoandikwa "matengenezo ya pampu" ndiyo iliyochangwa na kila kaya. Kwa muda mrefu kijijini ilisemwa kwamba fedha hiyo imeliwa. Mtendaji akatoa stakabadhi. Vipuri vilinunuliwa kweli, vikafungwa, na pampu ikaharibika tena kwa sababu nyingine. Stakabadhi zilikuwapo kabatini siku zote. Hakuna aliyewahi kuziulizia mahali panapostahili. Siku hiyo watu walichagua wanawake wawili wa kushika mfuko wa maji, na wakakubali kuchanga upya.

Wengi hudhani kwamba kuwafungua watu macho ni kuwachongea viongozi. Hapa uwazi ulimwokoa kiongozi mwaminifu aliyekuwa akisengenywa. Kama angekuwa ameiba, uwazi huohuo ungemfichua, na hilo nalo lingekuwa jema. Kweli haina upande.

Kazi hiyo ilimbadilisha na mwanafunzi mwenyewe. Chuoni alikuwa amejifunza kwamba wanawake hawashiriki kwa sababu ya mila. Kijijini aligundua sababu iliyokuwa karibu zaidi: mikutano iliitishwa saa nne asubuhi siku za kazi, wakati akina mama wako shambani. Halmashauri ilipokubali kuuhamishia mkutano Jumamosi saa tisa alasiri, akina mama walikuja. Mila ipo, hatukatai, lakini saa nayo ilikuwa na lake. Kijana alirudi chuoni na swali la utafiti wake wa mwaka wa tatu, swali ambalo hakulipata maktaba. Na kabla hajaondoka, alikabidhi kazi ya matangazo kwa vijana wawili wa VIWAWA na binti mmoja Mwislamu aliyemaliza kidato cha nne. Tunalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu manufaa ya wote hayana dhehebu.

Kanisa linafundisha nini

Wapo waamini wanaodhani kwamba kijana wa namna hii anatoka nje ya imani na kuingia katika mambo ya dunia. Mafundisho ya Kanisa yanasema vingine.

Mwaka 1927, tarehe 18 Desemba, Papa Pius wa XI alizungumza na wanafunzi wa vyuo vikuu wa Shirikisho la Kikatoliki la Italia. Aliwafundisha kwamba siasa, ikilenga manufaa ya wote, ni uwanja mpana wa upendo. Mafundisho hayo alipewa mwanafunzi, si waziri. Miaka minne baadaye, katika Quadragesimo Anno ya 1931, Papa huyohuyo alieleza kanuni ya auni: kile ambacho jamii ndogo inaweza kukifanya yenyewe, jamii kubwa isikinyang'anye, bali iisaidie. Ukiisoma kanuni hiyo ukiwa umekaa kwenye mkutano wa kijiji, unaielewa bila mwalimu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya 1965, uliuhesabu utengano kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa makubwa ya nyakati zetu. Hati hiyohiyo, namba 75, inasisitiza elimu ya uraia, hasa kwa vijana, na kuwataka wenye vipaji vya siasa wajiandae. Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium ya 2013, aliita siasa wito wa juu na mojawapo ya njia bora za upendo. Na katika Fratelli Tutti ya 2020 alitoa mfano mwepesi: anayemsaidia mzee kuvuka mto anatenda upendo, mwanasiasa anayemjengea daraja naye anatenda upendo.

Mfano huo wa daraja unatugusa sana. Parokiani tunawasifu vijana wanaowatembelea wagonjwa na kuwapelekea maskini unga na sabuni, na tunafanya vema. Lakini kijana anayekesha akisoma bajeti ya kata ili zahanati ipate dawa hatumhesabu kuwa yumo katika matendo ya huruma. Yumo. Unga ni wa leo na dawa ya zahanati ni ya mwaka mzima, na maskini anavihitaji vyote viwili.

Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo wa XIV alimtangaza Pier Giorgio Frassati kuwa mtakatifu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika mji wa Torino, mtoto wa familia yenye uwezo, baba yake mwenye gazeti na balozi. Alichagua uhandisi wa migodi akitaka kuwa karibu na wachimbaji. Alikuwa katika shirikisho lilelile la wanafunzi, alijiunga na chama cha siasa kilichoanzishwa na Padre Luigi Sturzo, na wakati huohuo alikuwa akipanda ngazi za nyumba za maskini akiwa na kundi la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 tu. Katika mazishi yake familia ilishangaa kuwaona maskini wengi ambao hawakujua kwamba kijana wao anawafahamu. Masomo, siasa na huduma havikugombana ndani ya mtu mmoja.

Mwalimu na somo la 1972

Hatuhitaji kwenda mbali hadi Italia. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake wa kutangazwa mwenyeheri ulianzia Jimbo la Musoma mwaka 2005, alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada ambayo watu wachache sana nchini walikuwa nayo. Alikwenda Butiama, akajenga nyumba kwa mikono yake, akikanda udongo mbele ya majirani waliodhani msomi hawezi kushika jembe. Kisha akarudi kufundisha Pugu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 akaacha ualimu.

Tuna la kujifunza pia kutoka katika jambo ambalo Mwalimu mwenyewe alilitaja baadaye kuwa kosa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kusogeza maendeleo karibu na watu, lakini watu walipoteza chombo chao. Sheria za 1982 zilivirudisha vyombo hivyo. Serikali iliweza kuvirudisha kwa sheria. Ilichoshindwa kukirudisha kwa sheria ni mazoea ya wananchi kukaa, kuulizana na kuamua. Mazoea hayo hujengwa na watu, polepole, na hapo ndipo mwanafunzi anayejitolea ana nafasi yake.

Taifa letu liliwahi kuijua kazi ya namna hii. Wazee wetu wanakumbuka madarasa ya ngumbaru, ambako aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, jioni, kwa mwanga wa taa ya chemli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kuzunguka redio, wakajifunza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza: waliinuka wakafanya.

Hoja za wanaopinga

Tumezisikia hoja tatu, na zote tunaziheshimu.

Ya kwanza ni kwamba siasa ni mchezo mchafu na kijana atachafuka. Sisi tunasema kuna siasa ya kutafuta madaraka, na kuna siasa ya kutunza mambo ya pamoja. Ya kwanza ina majaribu makubwa. Ya pili ndiyo shule inayomwandaa mtu kuyashinda majaribu hayo. Kijana aliyezoea kuhesabu michango ya maji mbele ya macho ya bibi zake hatashawishika kirahisi kuiba akiwa halmashauri.

Ya pili ni kwamba kujitolea kutageuka mtaji wa kura. Hofu hii ina msingi. Tumewaona watu wanaogawa jezi na kukarabati vyoo vya shule mwaka wa uchaguzi tu. Ndiyo maana tunapendekeza kijana anayejitolea aweke masharti yake wazi tangu mwanzo: hakuna sare wala kofia ya chama katika kazi hiyo, hakuna picha zake kwenye matangazo, na kazi anayoifanya awe na mtu wa kumwachia. Akitaka kugombea baadaye, ni haki yake ya kiraia, na agombee mchana kweupe.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema neno "kujitolea" limegeuka jina la kumtumikisha msomi bila malipo. Wapo wahitimu wanaofundisha au kufanya kazi za ofisi kwa miaka wakiitwa wanaojitolea, wakisubiri ajira isiyokuja, huku nauli ikitoka kwa mama. Hilo si kujitolea. Mtenda kazi anastahili ujira wake, asema Bwana katika Injili ya Luka. Tunachokizungumzia ni zawadi ya muda yenye mipaka: wiki chache za likizo, jioni mbili kwa juma, kazi ambayo haichukui nafasi ya mtumishi wa umma anayepaswa kuajiriwa. Kijiji kisichokuwa na mtendaji kinahitaji mtendaji, na mwanafunzi asitumiwe kuliziba pengo hilo.

Kanisa lifanye nini

Kwanza, tutenganishe majukumu vizuri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285 na ya 287, inamzuia kleri kushika madaraka ya umma na kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Altare si jukwaa, na sisi tunaojiandaa kwa upadre tunalishika hilo kwa moyo wote. Lakini katazo hilo ni letu, si la walei. Mlei anatakatifuza dunia akiwa ndani yake. Padre akimkataza mlei kushiriki mambo ya umma kwa sababu yeye mwenyewe amekatazwa, anamvika kijana joho lisilo lake.

Pili, paroko anapowapokea wanafunzi wa vyuo wakati wa likizo, asiwape kwaya na usafi wa kanisa pekee. Amuulize kila mmoja anasoma nini, na kijiji kinahitaji nini. Wa sheria asaidie kueleza taratibu za mirathi. Wa uhasibu awafundishe viongozi wa vikundi kutunza vitabu. Wa siasa na utawala awasaidie wananchi kujua haki na wajibu wao. Ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingapi katika jumuiya zetu vinaikosa kwa sababu hakuna aliyewasaidia kuandika andiko la mradi? Kijana mmoja, meza moja na kalamu vinatosha kuanza.

Tatu, jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, zina hatua ya kutafakari Neno na hatua ya kupanga utendaji. Mara nyingi hatua ya pili huishia kwenye michango ya harusi na misiba. Iongezwe ajenda moja ndogo: mkutano wa kijiji au wa mtaa ni lini, ajenda zake ni zipi, na nani wetu atakwenda. Jumuiya isiwape watu msimamo wa chama. Iwape tarehe.

Nne, seminari zetu. Tunajifunza Mafundisho Jamii ya Kanisa darasani na tunayafanyia mitihani kama yule mwanafunzi wa siasa. Tunapendekeza kwamba wakati wa mazoezi ya kichungaji, kila frateri ahudhurie angalau mkutano mmoja wa kijiji au mtaa, akae nyuma, asiseme neno, asikilize. Padre ambaye hajawahi kusikia watu wake wakigombania mpaka wa shamba atahubiri haki kwa maneno ya vitabuni.

Kwa kijana mwenyewe

Ndugu mwanafunzi, tunamalizia na wewe. Usidharau ukubwa wa kazi kwa sababu jina lake ni dogo. Mwamkie mwenyekiti hata kama hujampigia kura. Omba ruhusa kabla ya kugusa daftari la umma. Usiwasemee watu ambao wanaweza kusema wenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha wamesikia na wamesikika. Ukiona ubadhirifu, usiutangaze kilabuni wala mtandaoni kabla hujauliza panapohusika, na usiende peke yako: nenda na wazee wanaoaminika, na mshirikishe mlezi wako. Ujasiri bila busara huvunja kazi ya wengi. Busara isiyokuwa na ujasiri nayo ni woga uliovaa nguo nzuri.

Ukirudi chuoni, mwambie mhadhiri wako ulichokiona. Vyuo vyetu, vya Kanisa na vya umma, vina utaratibu wa mafunzo kwa vitendo. Ombeni ofisi za vijiji na mitaa zihesabiwe kuwa mahali halali pa mafunzo hayo, si wizara na halmashauri za miji pekee.

Na kwenu wazazi mnaoogopa, hatuwaombi mwatupe watoto wenu motoni. Tunawaomba mwende nao. Mkutano ujao wa kijiji ukitangazwa, kaeni benchi moja, wewe na mwanao aliyesoma siasa. Yeye akueleze maana ya karatasi iliyo mbele, na wewe umweleze nani alichangia, lini, na kwa shida gani. Anayajua ya vitabuni na wewe unayajua ya kijijini, na kijiji kinawahitaji nyote wawili.

Mungu wabariki vijana wetu wasomao, na aijalie nchi yetu amani iliyojengwa juu ya haki.